Dodoma Saa Zinakimbia

Ukishaipita Kilosa, treni inaingia milimani. Mahandaki yanafuatana, giza na mwanga vinapokezana dirishani, na kwenye simu yangu kile kidoti cha buluu cha ramani kikasimama palepale tulipoliingia handaki la kwanza. Tulipotokea upande wa pili kikaruka mbele, kikatukuta. Nilikuwa sijawahi kupanda treni hii ya SGR kutoka Dar es Salaam wala kufika Dodoma, na safari hii niliifunga nikiwa na jambo moja moyoni: wanafizikia wanasema wakati hauendi sawa kwa kila mtu, nami nilitaka kulielewa hilo nikiwa ndani ya behewa linalokwenda.

Kijana wa kiti cha jirani, aliyeniamkia tangu Pugu, anafundisha fizikia katika sekondari moja ya Dodoma. Aliponiona nimeikazia macho simu, akasema, "Mama, bila Einstein hicho kidoti kingekuwa kinakudanganya."

Satelaiti za GPS, akaeleza, zinazunguka kilomita 20,200 juu yetu, kila moja ikiwa na saa ya atomu. Kwa sababu ya mwendo wao, karibu kilomita 14,000 kwa saa, saa hizo zinachelewa mikrosekunde 7 kwa siku, yaani sehemu saba za milioni za sekunde. Lakini kadiri saa inavyokuwa mbali na dunia na mvutano wake, ndivyo inavyokimbia. Kwa umbali ule inatangulia mikrosekunde 45. Ukitoa unabaki na 38. Katika muda huo mdogo nuru inakata kilomita 11. Mafundi wanaifanyia hesabu hiyo marekebisho, la sivyo kosa la ramani lingekuwa linaongezeka kilomita kama kumi kila siku.

Nilitazama nje. Reli ya zamani nayo imepita bonde hilihili la Mkondoa, na miaka yake inanishangaza. Mwaka 1905 Wajerumani walianza kuijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam. Ni mwaka ule ule wa kuanza kwa vita vya Majimaji, na ndio mwaka ambao Albert Einstein, kijana wa miaka 26 aliyefanya kazi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi, alichapisha makala yake kuhusu mwendo na wakati. Reli ikafika Morogoro 1907. Mwaka huohuo yeye akatambua kwamba mvutano pia unagusa saa. Reli ikafika Kigoma 1914, na Novemba 1915 nadharia yake hiyo, ya uhusianifu, ikakamilika. Wagogo na Wanyamwezi waliobeba mataruma kwenye jua lile hawakuwa na habari naye, wala yeye nao. Lakini alipokuja kuwaelezea watu wa kawaida mawazo yake, mfano alioupenda ulikuwa treni inayompita mtu aliyesimama kando ya reli.

Nikamuuliza mwalimu: na treni hii yetu, kilomita 160 kwa saa, je? Akatoa daftari.

Hapo mambo yakawa matamu kuliko nilivyotarajia. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki, na katika latitudo hii ardhi inakwenda kilomita 1,650 hivi kwa saa. Sisi tulikuwa tunakwenda magharibi, kwa hiyo tulikuwa tunaupunguza mwendo huo, na saa zetu zilikuwa zinakimbia kidogo kuliko zilizobaki Dar. Jambo hili limeshapimwa. Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipanda ndege za kawaida za abiria wakiwa na saa nne za atomu, wakaizunguka dunia kwanza kwa mashariki, kisha kwa magharibi. Saa za mashariki zilirudi zimechelewa nanosekunde 59. Za magharibi zilitangulia 273. Nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde.

Kwetu sisi, kwenda Dodoma kunaongeza nanosekunde kama mbili, na kurudi kunazitoa. Inayobaki ni hasara ya mwendo wenyewe kwa safari nzima, sehemu mbili za kumi za nanosekunde. Mwalimu akapiga mstari chini ya tarakimu hiyo, akaandika nyingine: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwinuko huo unaipa kila saa ya mjini nanosekunde kumi kwa siku mbele ya saa za pwani. "Ukilala kwetu usiku mmoja tu, mama, mlima umeshaushinda mwendo." Aliyeishi Dodoma miaka 70 amempita mwenzake wa Dar kwa robo hivi ya elfu moja ya sekunde. Ni kidogo, lakini ni yake kweli.

Baada ya Gulwe mibuyu ikaanza kuzidi, udongo ukawa mwekundu, ng'ombe wa Wagogo wakapita wakitimua vumbi. Dodoma nilipokewa na upepo mkavu na wauza zabibu.

Kesho yake nilipanda kwenye vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, nikanyoosha kiganja. Mwalimu alikuwa ameniambia kwamba karibu kila sekunde chembe moja iitwayo muoni inapenya kiganja cha mtu. Muoni huzaliwa kilomita 15 hivi juu, mionzi ya anga za mbali inapoigonga hewa, na maisha yake kwa wastani ni mikrosekunde 2.2. Hata ikikimbia kwa asilimia 99.5 ya kasi ya nuru, ingekwenda mita 660 tu, ikatoweka. Bruno Rossi na David Hall, katika utafiti wa milimani Colorado uliochapishwa 1941, walizihesabu kwenye miinuko miwili tofauti, wakaona zinadumu kuliko umri wao. Kwa kasi hiyo wakati wake, tukiupima sisi, unarefuka mara kumi. Na kwa kuwa ziko zinazotoweka njiani, Dodoma inazipata nyingi kidogo kuliko Dar.

Nikampigia simu mwalimu. Muoni yenyewe inaona nini? Akasema haioni umri wake ukirefuka hata kidogo. Kwake ni anga lililofupika: kilomita 15 zimekuwa moja na nusu. Treni ingekwenda hivyo, kilomita 450 hivi za kutoka Dar zingekuwa 45 kwa abiria.

"Sasa ipi ndiyo kweli, mwalimu?"

"Zote, mama, mradi useme nani kapima."

Nikamwomba kanuni yenyewe. Akanitumia picha ya ukurasa wa daftari: moja, toa mraba wa kasi gawanya kwa mraba wa kasi ya nuru, kisha mzizi wake; umbali unauzidisha kwa jibu hilo, wakati unaugawanya. Nikakaa juu ya jiwe, nikaijaribu kwa asilimia 99.9. Wakati ukarefuka mara 22, na Dar ikawa kilomita 20.