Hewa Inayoshika Chuma

Kuna hewa moja ambayo hakuna mtu aliyeiona kwa macho wala kuisikia kwa pua. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Lakini inazaliwa karibu kila jioni katika nyumba zetu, ndani ya mbabula, pale makala yanapowaka. Wenye elimu wanaiita kaboni monoksidi. Sisi tunaofundisha kemia katika mji wa migodi tunakutana nayo mahali pawili: ubaoni, tunapowaeleza wanafunzi namna inavyoshikana na metali, na mitaani, inapoua watu. Leo tunataka kuonyesha kwamba mambo hayo mawili ni jambo moja.

Kwanza tujue inatoka wapi. Makala ni kaboni. Kaboni ikiungua penye hewa nyingi, kila atomu yake inajipatia atomu mbili za oksijeni, na kazi imekwisha. Lakini hewa ikiwa haba, atomu ya kaboni inapata oksijeni moja tu. Hapo ndipo kaboni monoksidi inapotokea. Imebaki kama mtu aliyeacha meza kabla ya kushiba: bado inatafuta kitu cha kushika.

Mwaka 1868, huko Paris, bwana Paul Schützenberger alifaulu kuiunganisha na platini, pamoja na klorini. Wachache waliangalia. Jambo kubwa lilitokea Uingereza miaka 22 baadaye, nalo lilianza kwa hasara ya kiwanda. Ludwig Mond, Mjerumani aliyezaliwa Kassel mwaka 1839, alikuwa na kiwanda cha magadi kule Winnington. Vilango vya mabomba yake vilitengenezwa kwa nikeli, na nikeli ni metali ngumu. Hata hivyo vilikuwa vinaharibika na kupata weusi, na mafundi hawakujua sababu. Mond hakuridhika kubadilisha vilango tu. Pamoja na wasaidizi wake, Carl Langer na Friedrich Quincke, alichukua unga wa nikeli, akapitisha juu yake hewa ya kaboni monoksidi. Kwa kuwa hewa hiyo ni sumu, waliichoma moto mwishoni mwa bomba isije ikawaua.

Siku moja, chombo kilipokuwa kinapoa, waliona ajabu: ule moto wa buluu hafifu ukageuka kuwa mwangavu, wenye rangi ya manjano na kijani. Wakapasha moto bomba la kioo ambamo hewa hiyo ilipita, na ndani ya bomba pakatokea utando unaong'aa kama kioo cha kujitazamia. Utando huo ulikuwa nikeli safi. Basi metali nzito ilikuwa imepanda ndani ya hewa, ikasafiri nayo, kisha ikashuka tena. Walitangaza habari hiyo mwaka 1890. Mwili ule mpya, kabonili ya nikeli, ni atomu moja ya nikeli iliyozungukwa na kaboni monoksidi nne. Ni maji yasiyo na rangi, yanayochemka kwa digri 43 tu.

Mond aliona faida mara moja. Nikeli inapanda hewani kwa joto la digri 50 hivi, na inashuka ikipata digri 180 au zaidi. Uchafu wa metali nyingine unabaki nyuma. Mwaka 1902 kiwanda cha kusafisha nikeli kwa njia hiyo kilianza kazi Clydach, karibu na Swansea katika nchi ya Wales, na kazi hiyo imeendelea kwa zaidi ya miaka 100. Lakini tusifiche upande wa pili. Kabonili ya nikeli ni sumu kali sana. Tangu mwanzo wa kiwanda wafanyakazi waliivuta, na wengine walikufa. Elimu ilileta nikeli safi, na maskini wa Wales walilipa sehemu ya bei yake. Sisi watu wa migodi tunaelewa neno hilo bila kufasiriwa.

Sasa tuulize: hewa nyepesi inawezaje kushika metali namna hiyo? Shuleni kwetu vyombo ni vichache, kwa hiyo tunatumia maharagwe. Kila haragwe ni elektroni moja ya nje. Tunamwita mwanafunzi mmoja awe nikeli, tunampa maharagwe 10. Wengine wanne ni kaboni monoksidi. Kila mmoja anakuja na maharagwe 2. Jumla ni 18. Halafu anakuja mwanafunzi wa chuma, mwenye 8. Yeye anahitaji wageni watano ili afike 18. Wa kromi ana 6, anahitaji sita. Na kweli ndivyo ilivyo: nikeli inashika nne, chuma tano, kromi sita. Watoto wanacheka, lakini hawasahau. Ziko metali chache zisizotii hesabu hiyo, kama vanadi, lakini nyingi zinaitii.

Hata hivyo hesabu peke yake haielezi nguvu ya mshiko. Kaboni monoksidi haipendi kutoa elektroni zake kwa kila mtu. Na metali iliyokwisha kupokea nyingi ingeelemewa na mzigo. Jibu ni lile la wazee: nipe nikupe. Kaboni inatoa elektroni mbili kwa metali. Metali nayo inarudisha sehemu ya elektroni zake, inaziweka katika nafasi tupu za kaboni monoksidi. Mkono mmoja unatoa, mkono wa pili unapokea, na kila mkono unaupa mwingine nguvu. Kwa hiyo mshiko unakazana.

Mtu atasema: mmejuaje, nanyi hamkuona? Tunajibu kwa gitaa. Kamba ikikazwa, sauti inapanda. Ikilegea, sauti inashuka. Kaboni na oksijeni zimefungwa pamoja kama kwa kamba, na kamba hiyo inatetemeka. Wenye elimu wanapima mtetemeko huo kwa mwanga usioonekana na macho. Kaboni monoksidi ikiwa peke yake, kipimo chake ni 2143. Ikishikwa na nikeli, kinashuka karibu 2060. Ikishikwa na kobalti iliyoongezewa elektroni moja, ni karibu 1890. Ikishikwa na chuma kilichoongezewa mbili, ni karibu 1790. Kwa nini sauti inashuka? Kwa sababu nafasi zile tupu ambamo metali inaweka elektroni zake ni nafasi zinazolegeza kamba ya kaboni na oksijeni. Kadiri metali inavyotoa kwa wingi, kamba inalegea zaidi. Hatukuuona mkono unaotoa, lakini tumesikia alama yake.

Hapa tumefika kwetu, maana tumetaja kobalti. Katika mchezo wa maharagwe kobalti ina 9. Ikiita wageni wanne inapata 17. Ikiita watano inapata 19. Haifiki 18 kwa njia yoyote ikiwa peke yake. Inafanya nini? Inatafuta ndugu. Kobalti mbili zinashikana mkono, kila moja na wageni wake wanne, na kila moja inahesabu haragwe moja la mwenzake. Hivyo zote mbili zimefika. Au inachukua atomu moja ya hidrojeni, ambayo inaleta haragwe lililokosekana. Miili ya namna hiyo yenye hidrojeni ilianzishwa na Walter Hieber, Mjerumani aliyetumia maisha yake kwa kabonili. Ule wa chuma aliutangaza mwaka 1931. Mmoja wa wanafunzi wake, Ernst Otto Fischer, alipata zawadi ya Nobel mwaka 1973, pamoja na Geoffrey Wilkinson wa Uingereza.

Mwaka 1938 Otto Roelen, katika mji wa Oberhausen, aligundua kwamba kobalti yenye kaboni monoksidi na hidrojeni inaweza kufanya kazi kama fundi: inachukua miili ya mafuta ya petroli, inaiongezea kaboni monoksidi na hidrojeni, halafu inaiachilia na kuanza upya. Kutoka hapo zinapatikana alkoholi za kutengenezea sabuni za unga na vitu vya kulainisha plastiki. Siku hizi rodi imechukua sehemu kubwa ya kazi hiyo, lakini kobalti haijaacha. Na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika Congo yetu. Tunawaambia wanafunzi: baba zenu wanabeba mifuko ya kobalti mgongoni, ninyi jifunzeni kuihesabu mpaka 18. Anayejua uzito wa mfuko tu anauza mfuko. Anayejua tabia ya kilichomo ana neno la kusema juu ya bei.

Sasa turudi kwenye mbabula. Ndani ya damu yetu kuna chuma. Kila atomu ya chuma hicho inabeba oksijeni kutoka mapafuni, inaipeleka mwilini, inaiachilia. Ni mshiko mwepesi, kwa makusudi. Lakini kaboni monoksidi ikiingia, inashika chuma hicho kwa mikono yake miwili, nipe nikupe, kama inavyoshika chuma cha maabara. Inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, wala haiachii upesi. Damu inazunguka, lakini haina mzigo. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kichefuchefu, miguu inalegea, anasinzia, hawezi hata kufika mlangoni.

Mwaka mmoja, mwezi wa sita, wakati baridi yetu inapouma usiku, watu watatu wa nyumba moja katika mtaa wetu walikutwa asubuhi wamekufa. Mama tu alipona. Mwilini mwao hapakuwa na jeraha. Kabla ya mazishi, watu walikuwa wamekwisha kumtaja mjane mzee wa jirani, aliyekuwa amegombana nao juu ya maji. Vijana walitaka kubomoa nyumba yake. Tulikwenda pamoja na muuguzi na wakubwa wa mtaa. Tuliwaonyesha mbabula iliyokuwa katikati ya chumba, majivu yake, na matambara yaliyozibwa dirishani kwa ajili ya baridi. Tuliwaeleza kuhusu chuma cha damu, kama tulivyoeleza hapa. Wengine walikubali, wengine waliondoka wakinung'unika. Lakini nyumba ya yule mama haikubomolewa, naye aliishi humo mpaka kufa kwake mwenyewe.

Kwa hiyo, wasomaji, shikeni maneno haya. Makala mekundu yasiyo na moshi si salama. Moshi na sumu hii ni vitu viwili. Msilale na mbabula chumbani, hata yakibaki makaa machache. Baridi ikizidi, ongezeni blanketi, si moto. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiumwa kichwa pamoja, tokeni wote nje kwanza, ulizeni baadaye. Mkimkuta mtu amezimia, fungueni mlango, mvuteni nje upesi, mpelekeni hospitali apate oksijeni. Maana oksijeni nyingi ndiyo inayoweza kuifukuza hewa hiyo katika damu, polepole.

Mond aliona vilango vimeharibika, akauliza sababu mpaka akaipata. Nyumbani kwetu pia, kifo kikija bila jeraha, tuulize dirisha lilikuwaje kabla ya kutaja jina la jirani.