Shepparton: Mji wa Mabustani na Msikiti wa Waalbania

Anayeswali Mombasa huelekea kaskazini, kwa kuwa Mombasa na Makka zimekaa karibu katika mstari mmoja wa dunia. Anayeswali Shepparton huelekea magharibi, na kati yake na Al-Kaaba pana jangwa la Australia na upana wote wa Bahari ya Hindi. Tumeanza na kibla kwa sababu makala yetu ya wiki hii yanahusu watu waliofika mbali mno na kwao, katika mji mdogo wa wakulima kusini mwa dunia, wakalazimika kujiuliza swali ambalo kila familia ya Kiislamu hujiuliza: tutawarithisha nini watoto wetu?

Shepparton umo katika jimbo la Victoria, takriban kilomita 180 kaskazini mwa jiji la Melbourne. Ni mwendo usiofikia ule wa Mombasa hadi Garsen. Wakaazi wake ni kiasi cha watu elfu 50. Hauna bahari wala milima, na ardhi yake ni tambarare kama kiganja. Mji umekaa pale ambapo mto Broken humwaga maji yake katika mto Goulburn. Kandokando ya mito hiyo imesimama mikalitusi mikubwa, ile ile tunayoiona bara kwetu, ila huko ndiko kwao asili. Ukitoka nje ya mji unakutana na mabustani yaliyopangwa safu kwa safu: mapeasi, mapichi, matofaha na aprikoti, na baina yake malisho ya ng'ombe wa maziwa. Sehemu kubwa ya mapeasi yanayoliwa Australia hutoka katika bonde hilo. Wakati kaskazi inapovuma pwani yetu, kwao ni kiangazi na ni msimu wa mavuno, na mji hujaa wachumaji kutoka kila upande.

Msomaji asidhani kwamba neema hiyo imeletwa na mvua. Mvua ya Shepparton haifiki milimita 500 kwa mwaka, ambayo ni kama nusu tu ya mvua ya Mombasa. Kilichoigeuza nchi kavu kuwa bustani ni mifereji. Mnamo mwaka 1886 serikali ya Victoria ilipitisha sheria ya kunyunyizia mashamba maji, na kufikia 1891 ukuta wa kuuzuia mto Goulburn ulikuwa umekamilika, ukiyapeleka maji kwenye mashamba kwa njia ya mitaro. Tangu siku hizo maisha ya mji yamefungamana na maji. Hata hivyo, katika miaka hii yetu, haki ya kutumia maji imetenganishwa na umiliki wa ardhi, nayo huuzwa na kununuliwa sokoni kama bidhaa yoyote. Wakati wa ukame mrefu uliomalizika karibu na mwaka 2010, wako wakulima waliopata faida zaidi kwa kuuza maji yao kuliko kwa kulima. Sisi tuliofunzwa kwamba maji ni miongoni mwa vitu ambavyo watu wote hushirikiana, tuna la kuwaza hapo.

Habari nyingine ya maji ni ya kuchekesha kidogo. Katika miaka ya 1880 mhunzi mmoja wa Shepparton, John Furphy, alianza kutengeneza mikokoteni ya maji ya kukokotwa na farasi, yenye pipa la chuma na jina lake limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Vilipozuka Vita vya Kwanza vya Dunia, mikokoteni hiyo ilipelekwa katika kambi za askari. Askari walipokusanyika kuteka maji walikuwa wakipeana habari, nyingi kati yake zikiwa hazina mguu wala mkia. Tangu hapo, hadi leo, Waaustralia huuita uvumi usio na ukweli kwa jina la fundi huyo. Maskini alichouza ni maji, jina lake likabaki kwa porojo! Wenye kukaa barazani na wenye kusambaza habari kwa simu bila ya kuzihakiki wana funzo lao hapo.

Lakini kabla ya mifereji na mikokoteni, nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Nao ni watu wa Yorta Yorta, walioishi kando ya mito hiyo kwa maelfu ya miaka, wakivua samaki na kuwinda. Walowezi walipofika katika karne ya 19 waliichukua ardhi, na wenyeji wakasukumwa katika vijiji vya kuwekwa chini ya ulinzi. Tarehe 4 Februari 1939 jamaa wengi wa kijiji kimoja cha namna hiyo, Cummeragunja, walichoshwa na njaa na maonevu ya msimamizi wao, wakafunga vitu vyao na kuvuka mto Murray. Wengi waliishia kwenye bonde la mafuriko baina ya Shepparton na mji wa Mooroopna, wakaishi katika vibanda vya mabati na magunia. Walichuma matunda katika mabustani yaliyopandwa juu ya ardhi ya babu zao. Inasimuliwa kwamba Malkia Elizabeth alipopita mwaka 1954, vilitundikwa vitambaa vya gunia kando ya njia ili asiyaone makazi yao.

Wazao wao walikwenda mahakamani kudai haki ya ardhi. Mwaka 1998 jaji aliamua kwamba wimbi la historia limekwisha kuzifuta mila zilizowaunganisha na nchi hiyo, na mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Australia ikaukataa rufani wao. Sisi wa pwani, ambao neno "hatimiliki" linatuingia mwilini, hatuhitaji kufafanuliwa uchungu wa hukumu kama hiyo. Hata hivyo watu wa Yorta Yorta wangalipo. Wana zahanati zao, wana chama chao cha michezo, na picha za wazee wao zimechorwa kubwa kubwa kwenye kuta za mji. Mmoja wa wazee hao ni William Cooper, ambaye mnamo Desemba 1938, ilhali yeye mwenyewe hakuwa na haki kamili katika nchi yake, aliongoza ujumbe hadi ubalozi mdogo wa Ujerumani mjini Melbourne kulalamikia mateso ya Mayahudi. Aliyedhulumiwa aliutetea mdhulumiwa mwingine asiyemjua wala hakumwona.

Sasa tuje kwenye msikiti. Katika miaka ya 1920, vijana wa Kiislamu kutoka Albania walianza kuwasili Shepparton. Kwao kulikuwa na umaskini, na milango ya Marekani ilikuwa imefungwa kwa sheria mpya za uhamiaji. Wengi walikuja peke yao, bila wake wala mama. Walikata misitu, walichimba mifereji, walichuma matunda ya wengine, wakaweka senti juu ya senti hadi wakanunua mabustani yao wenyewe. Kwa miaka mingi waliswali majumbani. Mwaka 1960, kwa michango yao, wakausimamisha msikiti wao, nao ndio msikiti wa kwanza katika jimbo zima la Victoria. Haukujengwa Melbourne penye bandari na matajiri; ulijengwa na wakulima wa matunda katika mji mdogo wa shamba. Mpaka leo Idi huitwa huko kwa jina la Kialbania, Bajram, na wajukuu na vitukuu wa wale vijana huja kuswali mahali pale pale.

Tukiutazama umri wa msikiti huo tunaona jambo. Kati ya kufika kwa wale wa kwanza na kujengwa kwa msikiti palipita zaidi ya miaka thelathini. Katika miaka hiyo watoto walizaliwa na kukua bila ya mnara wala mwadhini. Aliyewafunza Al-Fatiha na kuwaambia hiki halali na hiki haramu, wengi wao alikuwa mama au bibi, jikoni, kwa lugha ya nyumbani. Mara nyingi tukiandika historia ya misikiti tunawataja waliotoa matofali, tukawasahau waliowalea watu wa kuingia ndani yake.

Waalbania hawakubaki peke yao. Katika miaka ya 1990 na kuendelea walikuja Wairaki na Waafghani waliokimbia vita. Kuanzia mwaka 1999 serikali ya Australia iliwapa wengi waliofika bila viza kibali cha muda tu, na kibali hicho hakikumruhusu mtu kumleta mkewe wala wanawe. Basi walikuwako katika mabustani ya Shepparton wanaume waliochuma mapichi kutwa, jioni wakarudi kwenye nyumba zisizo na sauti ya mtoto, na hali hiyo ikaendelea kwa miaka. Kibali hicho kilifutwa mwaka 2008, kisha kikarejeshwa mwaka 2014. Wake waliofanikiwa kujiunga na waume zao walikuta watu waliozeeka kabla ya wakati, na watoto walikuta baba waliomjua kwa sauti ya simu. Familia zetu zilizo na jamaa Ughaibuni zinaijua habari hii.

Wamo pia wanaosema lugha yetu. Mwishoni mwa mwaka 2005 serikali iliuchagua Shepparton kuwa mji wa kujaribia kuwapokea wakimbizi moja kwa moja mashambani badala ya miji mikubwa, na waliochaguliwa kuanza walikuwa familia kutoka Kongo. Kwa hiyo Kiswahili kimefika katika bonde la Goulburn, kikiwa na lafudhi ya mashariki ya Kongo.

Watu wote hawa, kwa zamu zao, wamefanya kazi katika mabustani au katika kiwanda cha SPC, kilichoanzishwa mwaka 1917 kutia matunda katika mikebe. Wanawake kwa maelfu wamesimama hapo msimu baada ya msimu wakichagua na kupanga matunda. Mnamo 2013 kiwanda kilikuwa taabani. Sarafu ya Australia ilikuwa juu, na matunda ya mkebe kutoka nje yaliuzwa kwa bei ya chini mno madukani. Kiwanda kikapunguza ununuzi, na wakulima wakang'oa miti waliyoilea kwa miaka mingi. Januari 2014 serikali kuu ilikataa kutoa msaada wa dola milioni 25. Hapo watu wa kawaida wakaingilia kati. Katika mitandao ya kijamii ilianza kampeni ya kutenga Jumapili moja watu wale matunda ya Shepparton, na mikebe ikanunuliwa kwa wingi madukani. Mwezi wa Februari serikali ya jimbo ikatoa dola milioni 22, na kiwanda kikanusurika. Nguvu ya kikapu cha mama anayekwenda sokoni si ndogo, maadamu vikapu viwe vingi na nia iwe moja.

Mji huo haujamaliza mitihani yake. Oktoba 2022 mto Goulburn ulifurika, wenyeji wakajaza magunia ya mchanga usiku na mchana, na bado nyumba nyingi ziliingia maji. Maji yale yale yaliyotafutwa kwa mifereji yaligonga milango bila kualikwa. Vijana nao huvutwa na Melbourne, kama wetu wanavyovutwa na Nairobi na Doha, na wazee wa Kialbania hujiuliza nani atalima na nani atafungua msikiti alfajiri.

Swali hilo ni letu pia. Misikiti mingi ya pwani yetu ni ya karne nyingi, na baadhi yake, kama kule Gede, leo huingiwa na watalii tu. Wale wakulima walisubiri zaidi ya miaka thelathini kupata msikiti, na nyumbani kwao dini haikusubiri. Kila mzazi anayeisoma karatasi hii ana jiko, ana meza au mkeka, na ana saa moja jioni. Tumwombe Mwenyezi Mungu awahifadhi ndugu zetu walio mbali, awarejeshe waliotengana kwa familia zao, na atupe nguvu ya kuitumia saa hiyo.

Wabillahi tawfiq.