Nyumba Iliyozaliwa na Salamu

Katika mji wa New York, upande wa magharibi wa kisiwa cha Manhattan, uko mtaa uitwao Morningside Heights, wenye vyuo na makanisa mengi. Hapo, kando ya njia ya Riverside Drive, karibu na Chuo Kikuu cha Columbia, limesimama jumba kubwa lielekealo mto Hudson. Jina lake ni International House, yaani Nyumba ya Mataifa. Wakaao humo si wasafiri wa usiku mmoja, bali ni wanafunzi waliokuja kwa masomo ya juu, nao hukaa muhula mzima, mwaka, au zaidi. Idadi yao yapata 700, na nchi watokazo ni karibu 100.

Asili ya jumba hili ni salamu. Asubuhi moja ya baridi mwaka 1909, Bwana Harry Edmonds, mtumishi wa chama cha Y.M.C.A., alipishana na kijana wa Kichina kwenye ngazi za maktaba ya Columbia. Akamwamkia, akaenda zake. Mara kijana yule akamsimamisha, akamshukuru, akamweleza kwamba alikuwa amekaa New York majuma matatu, na yeye ndiye mtu wa kwanza kumsemesha. Mtu aliyezaliwa mahali ambapo kumpita mwenzio kimya ni utovu wa adabu ataona habari hii ni ngeni. Lakini mji mkubwa waweza kumficha mtu katikati ya watu.

Basi Bwana Edmonds na mkewe wakaanza kuwaalika wanafunzi wageni nyumbani kwao kula chakula cha Jumapili jioni. Wageni wakazidi hata nafasi ikawa haba. Tajiri John D. Rockefeller wa pili akatoa fedha, na mwaka 1924 jumba likafunguliwa.

Vyumba vyake vingi ni vidogo, vya mtu mmoja mmoja. Bafu, ukumbi wa kulia na maktaba ni vya wote. Hapo ndipo ilipo siri ya unafuu. Apangaye peke yake Manhattan hulipia jiko lake, bafu lake na vyombo vyake, na mara nyingi mwenye nyumba humtaka athibitishe mapato yake au alete mdhamini. Mgeni aliyeshuka jana atampata wapi mdhamini? Hata hivyo hosteli hii si ya bure. Kodi yake ni nzito kwa mtoto wa mkulima, na wako wasioweza kuilipa bila kusaidiwa. Lakini kule kushirikiana kunakopunguza gharama ndiko pia kunakoondoa upweke, kwa kuwa watu walao pamoja hawakosi kuamkiana.

Wazo hili halikupokewa vema kila mahali. Bwana Edmonds alipotaka kujenga nyumba ya pili huko Berkeley, California, wenye nyumba wengi wa mji ule walikuwa hawakubali kuwapangisha watu weusi wala watu wa Asia. Zaidi ya watu 800 walihudhuria mkutano wa kuupinga mpango huo, wakichukizwa na habari ya watu wa rangi mbalimbali, wanaume kwa wanawake, kukaa chini ya paa moja. Yeye hakurudi nyuma, wala hakutafuta kiwanja cha mafichoni. Alijenga katika Piedmont Avenue, njia yenye nyumba za vyama vya wanafunzi vilivyowakataa wageni na watu weusi, na mlango ukafunguliwa mwaka 1930. Nyumba ya Chicago ikafuata mwaka 1932.

Mzazi ampelekaye mwanawe masomoni ng'ambo huuliza kwanza bei ya kitanda, na ni haki yake kuuliza. Lakini afadhali aulize na jambo la pili: je, yuko mtu atakayemwamkia asubuhi? Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko Berkeley wenyeji waliupinga ugeni kwa nguvu zao zote, na leo nyumba ile ni fahari ya mji wao.