Gari la Baba Mkwe Lililolala Miaka Ishirini

Tunaandika kutoka Ulemo, wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Sisi ni wake wa ndugu watatu, wana wa mama mmoja. Mkubwa wetu anakaa Singida mjini. Wa kati ni muuguzi hapa Ulemo, na ndiye anayeshika kalamu kwa niaba yetu. Mdogo wetu anauza vitunguu na mafuta ya alizeti huko Misigiri, pale njia ya Kiomboi inapoachana na barabara kuu ya Singida kwenda Nzega. Wenzetu wa kikundi cha akina mama kanisani wametuomba tueleze jinsi gari la marehemu baba mkwe lilivyofufuliwa. Tumekubali, kwa kuwa katika nyumba nyingi kuna kitu cha marehemu kilichofungiwa mahali, na kila mtu anapita mbali nacho.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1979. Wenye umri wa kutosha wanakumbuka uzito wa jina hilo. Baada ya uhuru, watu wa Afrika Mashariki waliwaita wakubwa waliopanda magari hayo "Wabenzi", kana kwamba ni kabila. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, lakini jina la Wabenzi halikufa. Baba mkwe hakuwa kiongozi. Alikuwa mfanyabiashara wa mazao, akalinunua gari hilo mwaka 1988 kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Wapo waliomsema kuwa ana majivuno. Hata hivyo, gari hilo hilo lilibeba maharusi, lilibeba majeneza, na usiku liliwapeleka hospitali Kiomboi akina mama walioshikwa na uchungu.

Baba mkwe alifariki mwaka 2001. Matanga hayajaanuliwa, mwanawe mkubwa akasema gari atakwenda nalo Singida mjini. Mdogo akasema liuzwe, fedha zigawanywe. Yakasemwa maneno ambayo hayasemwi msibani. Mama mkwe akafunga mlango wa banda kwa kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Tangu siku hiyo waume zetu hao wawili hawakusemezana. Kwenye harusi walikaa meza za mbali. Watoto wetu walikua wakijua kwamba baba zao hawaongei, bila kujua sababu.

Mwaka 2021 walipita wanunuzi wa vyuma chakavu na mizani yao. Gari la aina hiyo lina uzito wa kilo zipatazo 1,400, nao wakapiga hesabu papo hapo. Mama mkwe aliwajibu, "Mume wangu hapimwi kwa kilo." Jioni akatuita sisi watatu, wanawe hakuwaita. Akatuambia, "Wanangu, mimi ni mzee. Sitaki kuwaachia ufunguo pamoja na ugomvi. Lifufueni au liuzeni, lakini muwe mmekubaliana wote."

Tulianza na karatasi. Kadi ya gari ilikuwa bado na jina la marehemu. Mali ya marehemu haiwezi kuuzwa wala kubadilishwa jina mpaka apatikane msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Kikao cha ukoo kilimpendekeza yule ndugu wa kati, kwa sababu alikuwa akisikilizwa na pande zote mbili. Mahakama ikamthibitisha, ndipo mambo ya usajili yakapelekwa TRA. Wengi wetu wanawake tunaliogopa neno mirathi, tunadhani ni kuchokoza mizimu au kuonekana tuna tamaa. Woga huo ulikuwa umelilaza gari letu kuliko hata kutu.

Kisha tukahesabu gharama, kama Bwana Yesu alivyofundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Ada za watoto ziliwekwa pembeni kwanza. Tukakubaliana kila nyumba ichangie sawa, na kwamba gharama zikifikia bei ya ng'ombe wanne bila gari kutembea, tunasimama na kuliuza. Daftari tulikabidhiwa sisi wanawake. Wazee walisema kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila risiti ilibandikwa, na kila mwisho wa mwezi mama mkwe alisomewa.

Fundi tulimpata Singida mjini, mzee aliyeyajua magari hayo tangu ujana wake. Alituambia tumebahatika kwa mambo mawili. La kwanza ni ukame wa Singida, kwa kuwa bati linaliwa haraka zaidi kwenye pwani yenye chumvi. La pili ni aina ya gari. Kiwanda kilianza kuliuza aina hiyo mwaka 1976, na hadi uzalishaji ulipokoma katikati ya miaka ya 1980 yalikuwa yametengenezwa karibu milioni 2.7. Huko Moroko yalifanya kazi ya teksi kwa miaka mingi. Kwa hiyo vipuri vinapatikana ukivumilia kutafuta.

Siku ya kwanza vijana walikuwa wamekwisha kuleta betri mpya. Fundi akawazuia wasiguse ufunguo. Alieleza kwamba injini iliyolala miaka ishirini imekaukiwa. Oili imeshuka yote chini, ringi zinaweza kuwa zimeshikana na silinda, na dizeli ya zamani imeharibika. Ukiizungusha kwa nguvu ya stata, unavunja kilichokuwa kizima.

Muuguzi wetu alimwelewa mara moja. Mgonjwa aliyelala wiki nyingi hasimamishwi ghafla, maana presha ya damu hushuka na ataanguka. Kwanza unamgeuza, kisha unamkalisha, kisha unamwacha aning'inize miguu kando ya kitanda, ndipo unamshika mkono asimame. Hata matairi yalikuwa na ugonjwa wa kitandani. Sehemu iliyokandamizwa na uzito wa gari ilikuwa imebonyea na kupasuka, mfano wa vidonda vya mgonjwa asiyegeuzwa. Hayo yalitupwa yote manne.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za usafi tu. Panya walikuwa wamejenga kiota kwenye chujio la hewa na kuguguna nyaya. Tenki lilishushwa, na ndani yake dizeli ilikuwa imekuwa ute mweusi kama lami. Likaoshwa mara tatu. Filta zilibadilishwa, na mipira yote iliyokauka ikaondolewa. Maji ya rejeta yalitoka mekundu kwa kutu. Oili ya zamani ikamwagwa, ikawekwa mpya. Fundi alifungua hita plagi nne, akatia oili kidogo katika kila silinda, akaiacha siku nne. Siku ya tano akashika spana kubwa, akaizungusha injini kwa mkono, taratibu. Mara ya kwanza haikusogea. Akaongeza oili, akaenda zake. Baada ya siku mbili ikazunguka.

Katika kungoja huko mtoto mmoja aliuliza kama kweli kitu kilicholala muda mrefu hivyo kinaweza kuamka. Fundi, ambaye aliwahi kufanya kazi Kigoma, akamweleza habari za meli ya Liemba. Wajerumani waliileta vipande vipande wakaiunga Kigoma, na tarehe 26 Julai 1916, walipoona wanashindwa vita, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, wahandisi wake waliipaka injini grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakaikuta injini inafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi tena ziwani Tanganyika kwa jina la Liemba. "Waliilaza wakiwa na nia ya kurudi," alisema fundi. "Hili lenu lililazwa kwa hasira, ndiyo maana lina kazi zaidi."

Mkubwa wetu alikwenda Dar es Salaam kutafuta vipuri Gerezani. Alipomaliza alipita Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, akaliona gari la Rolls-Royce lililotumiwa kwanza na serikali ya Waingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere. Limetunzwa ili watu walitazame na kujifunza. Aliporudi tulijadiliana kama na letu tulifanyie hivyo, tulisafishe na kuliweka uani kwa heshima ya marehemu. Mama mkwe alikataa. Alisema marehemu hakununua sanamu.

Kwa hiyo ilibidi zitengenezwe breki, na fundi alisema breki zinatangulia injini. Kwetu halikuwa neno la kubishania. Ukitoka Misigiri kwenda Shelui unateremka Sekenke, na kila familia ya huku inajua mlima ule umefanya nini. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na kwa miaka ishirini unyevu ule ulikuwa umezila pistoni za breki kwa kutu. Mipira na pistoni vikabadilishwa.

Baada ya hapo hewa hutolewa kwenye mabomba, na kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedeli, mwingine yuko chini ya gurudumu anafungua na kufunga nati ndogo. Lazima wasemezane. Wakipishana kidogo tu, hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya. Siku hiyo msaidizi wa fundi alikuwa amefiwa, na fundi mwenyewe alikuwa ameumia mkono. Waliokuwapo uani ni waume zetu wawili, kila mmoja amekuja kukagua mchango wake. Fundi, ambaye hakuambiwa habari zao, akamwelekeza mmoja apande na mwingine alale chini.

Sisi tulikuwa jikoni tukapunga mikono chini, tukanyamaza. Tukasikia sauti kutoka chini ya gari, "Kanyaga." Kimya. Kisha, "Shikilia." Kisha, "Achia." Gurudumu la kwanza lilichukua karibu nusu saa. Kwenye la tatu tukamsikia aliye juu akiuliza, "Bado kuna hewa, kaka?" Na aliye chini akajibu, "Ipo kidogo. Kanyaga tena." Mama mkwe alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua, lakini machozi yalikuwa yanadondoka kwenye ungo.

Injini iliwashwa Jumamosi ya mwisho wa Agosti. Ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikazimika. Mara ya nne ikashika. Fundi hakuangalia moshi, alikuwa ameinamia dashibodi anatazama mshale wa presha ya oili, kama sisi wauguzi tunavyotazama kipimo cha mgonjwa atokaye chumba cha upasuaji. Mshale ulipopanda, akacheka. Alipotaka kuizima, injini ikakataa. Akachomoa ufunguo, bado inanguruma! Watoto wakakimbia. Kumbe injini za dizeli za aina ile huzimwa kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye mipira myembamba, na mmoja ulikuwa umepasuka. Fundi akafungua boneti, akabonyeza kijiti cha kuzimia kilichomo humo, ikanyamaza. Mama mkwe akasema, "Huyo ni baba yenu kabisa. Akianza kusema, hanyamazi." Hapo wote walicheka, na wawili wale walicheka pamoja.

Mwezi mzima gari lilitembea tambarare tu, hadi Misigiri na kurudi, na kila safari fundi alikagua kama kuna kinachovuja. Sekenke lilishushwa Oktoba. Gharama zote zilifikia bei ya ng'ombe watatu na mbuzi wawili, na matairi pekee yalikaribia laki saba. Sasa gari ni la mama mkwe kwa maandishi. Linakodishwa kwa harusi, fedha zinaingia kwenye daftari, na kila wiki linaendeshwa angalau nusu saa hadi lipate moto sawasawa, maana kuliwasha dakika mbili na kulizima huacha unyevu ndani ya injini.

Hatutaki kuwadanganya kwamba ndugu hao sasa ni kama zamani. Bado kuna mambo hawajayagusa. Ila husalimiana, hupigiana simu kuulizana habari za oili, na Krismasi iliyofuata walikula kwenye sinia moja. Tunaona kwamba na wao wanafuata utaratibu wa fundi, kidogo kidogo, na hatuwahimizi. Katika maombi yetu tunawataja, tukitoka hapo tunapika chai, tunawaacha waongee gari.

Akina mama, kama kwenu kuna banda lililofungwa namna hiyo, mwulizeni aliyelifunga ufunguo uko wapi, angali hai kuwajibu. Mungu awasaidie.