Vumbi Ndani ya Kamera

Hapa Kisangani mvua hunyesha karibu kila mwezi, na unyevu pamoja na mchwa havihurumii karatasi. Vitabu vya ubatizo vilivyoandikwa mji ulipoitwa Stanleyville, jina lililoachwa mwaka 1966, huharibika polepole. Na Mkristo atakaye kufunga ndoa huulizwa cheti. Ndiyo sababu mimi katekista huvipiga picha, ukurasa kwa ukurasa.

Hapo vumbi si jambo dogo. Doa likiangukia tarehe, mtu amepotewa na ushahidi wake. Basi kwanza piga picha mbili za anga jeupe, tundu la lensi likiwa dogo, yaani f/16. Doa likirudi mahali palepale, vumbi lipo juu ya sensa. Iweke kamera katika hali ya kusafishwa, iangalie chini, ukapulize kwa mpira wa hewa. Usipulize kwa kinywa: mate huongeza madoa.

Ukichagua lensi ya zumu, usiulize tu yavuta mbali kiasi gani. Uliza yaona wazi kuanzia sentimita ngapi. Ukurasa si chui wa msituni: hautakimbia ukiusogelea.