Kampala hadi Nairobi: Saa Moja Angani, Siku Nzima Barabarani

Toka Kampala hadi Nairobi kwa barabara ni kilomita 650 hivi. Kwa ndege, toka Entebbe, ni kilomita 520 tu. Tofauti ya mwendo si kubwa, lakini ndege hukaa angani saa moja na dakika chache, na basi huchukua saa kumi na mbili au zaidi. Ndiyo sababu, askari apatapo likizo, mabishano huzuka nyumbani: tukate tiketi ya ndege, au tupande basi?

Hesabu ya haki huanzia mlangoni pa nyumba. Entebbe ni kilomita 40 toka Kampala, na abiria hutakiwa kufika uwanjani saa mbili au tatu kabla ya ndege kuruka. Nairobi nako kuna foleni ya pasi, kungoja mizigo, kisha msongamano wa magari ya kuingia mjini. Ile saa moja imekwisha kuwa sita. Hata hivyo, mwenye mgonjwa, au awahiye maziko, asisite kupanda ndege akiwa na nauli. Mama mwenye watoto wanne atapiga hesabu nyingine, wala hatutamlaumu.

Basi likitoka Kampala huvuka Mto Nile mjini Jinja juu ya daraja jipya lenye urefu wa meta 525, lililofunguliwa mwaka 2018. Kabla yake magari yalipita juu ya bwawa la umeme lililojengwa mwaka 1954. Mpakani Malaba maofisa wa nchi zote mbili hufanya kazi mahali pamoja, na tangu mwaka 2014 raia wa Uganda aweza kuingia Kenya kwa kitambulisho cha taifa.

Sehemu ya kutazamwa sana ni ile baina ya Eldoret na Nakuru. Barabara hupanda hadi Timboroa, zaidi ya meta 2,700 juu ya usawa wa bahari, na huko huko huvuka Ikweta. Ajabu ni kwamba Ikweta hiyo ina baridi ya kutetemesha meno. Watoto wavikwe sweta mapema. Kisha huja mteremko mrefu, ambao humwadhibu dereva mwenye breki mbovu. Katika sehemu hizo, mahali paitwapo Sachangwan, lori la mafuta lilipinduka tarehe 31 Januari 2009. Watu walikimbilia kuteka petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa.

Basi la usiku hupendwa kwa kuwa huokoa gharama ya kulala. Kwa maoni yetu, mwenye familia na apande la alfajiri. Dereva huuona mteremko vizuri, na abiria aliyeketi upande wa kuume, gari likisha kupita Naivasha na kuanza kupanda kuelekea Limuru, huliona Bonde la Ufa lote likiwa chini yake. Jua litakapokuwa linatua, Nairobi haiko mbali. Saa ya mkononi haina haja ya kurekebishwa, kwa maana miji yote miwili hufuata majira yale yale.