Makofi ya Darasa la Tano

Mwaka juzi, wakati wa mazoezi ya kufundisha, tulimkagua mwanachuo mmoja aliyefundisha sayansi Darasa la Tano. Aliwapanga watoto kumi na wawili katika duara, kila mmoja akaanzia namba yake. Yeye aligonga meza, nao wakahesabu moyoni kwa mwendo huo. Afikaye kumi apige kofi na kuanza upya. Asikiaye kofi la mwenziwe, hali amekwisha kupita tano, aruke namba moja. Mwanzoni makofi yalikuwa kama rasharasha juu ya bati. Hatimaye likasikika kofi moja tu.

Tulifurahi. Ndipo alipomnong'oneza mtoto mmoja apige ovyo, na mpango wote ukaharibika. Tukainamia fomu yetu, tukaandika: "Darasa limemshinda."

Ndugu mwanachuo, kila mtoto pale alikuwa kielelezo cha chembe ya neva, ambayo hukusanya chaji mpaka kikomo, hufyatuka, kisha huanza upya. Mwaka 1975 Charles Peskin alitumia kielelezo cha namna hii kueleza chembe zinazoongoza mapigo ya moyo. Mwaka 1990 Mirollo na Strogatz walithibitisha kwa hisabati kwamba chembe za kielelezo hicho, zikifanana na kuunganishwa zote, karibu kila mara huishia kufyatuka pamoja. Sharti moja ni kwamba chaji ipande upesi mwanzoni na polepole mwishoni. Kwa hiyo msukumo humfaa zaidi aliyekaribia kikomo. Ile kanuni ya "kupita tano" haikuwa mchezo.

Lakini kufyatuka pamoja si uthabiti. Gololi hutulia ndani ya bakuli, na kwa bahati hutulia hata juu ya bakuli lililofudikizwa. Ukizitazama tu hutazitofautisha, sharti uziguse. (Mambo hugeuka pia: mwaka 1994 van Vreeswijk, Abbott na Ermentrout walionyesha kwamba ishara zikichelewa kupanda, zile za kuzuia ndizo ziwezazo kudumisha umoja, wala si zile za kuchochea. Sisi tungalikisia kinyume.)

Haya tuliyasoma fomu ikiwa imekwisha kupelekwa. Tulimwita mwanachuo yule, tukakiri kosa. Hakuuliza habari za alama. Aliuliza kama tuliyasikia makofi yaliporudi kuwa moja. Hatukuyasikia, tulikuwa tukiandika.